Dawa ya Pimbi kwa Presha ya Kiboko

"Niwape, nisiwape?"
"Tupe!"
"Mtapokea kwa mikono mingapi?"
"Miwili!"

Basi mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Vijito vyote vilikauka, likabaki bwawa moja, na bwawa lenyewe amelikalia Kiboko. Anakula, analala. Akiamka analamba jiwe la chumvi, anakula, analala. Mnyama akija na kiu, Kiboko anafumbua kinywa: "Bwaaa! Langu!"

Pimbi alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka. Siku ya nne akateremka kutoka mwambani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji. Nimesikia unaumwa."

"Kichwa kinanigonga, gwa! gwa! gwa! Na miguu imevimba, hebu tazama."

Pimbi akaweka sikio kifuani pake, akaguna kama wanavyoguna watabibu.

"Presha hiyo, Mzee. Damu inasukumana, na mishipani kunawaka moto. Ndio huo uvimbe."

"Dawa yake?"

"Utembee upesi hadi kile kilima, urudi. Kila asubuhi. Upumue hee! hee! Uweze kusema, usiweze kuimba."

Pimbi hakujua utabibu hata chembe. Alitaka Kiboko atoke majini, basi.

Kiboko akaenda, puu! puu! hee! hee! Pimbi akapiga mluzi, wanyama wakaja wakanywa, gudu-gudu-gudu. Kesho yake akaenda, puu! puu! hee! hee! Wakanywa, gudu-gudu-gudu. Mwezi ukapita. Hapo Pimbi akaona jambo la kutisha: Kiboko anapona. Uvimbe umenywea, kichwa kimetulia, mwendo umekuwa mwepesi. Kila siku anawahi kurudi kuliko jana.

Asubuhi moja pundamilia hawajafuta midomo, puu! Huyo hapo.

"Pimbi! Nani hawa bwawani kwangu?"

 Pimbi kukimbia hakuwezi, watoto wake wamo majini, wamelowa hadi masikioni. Akamwendea polepole, akaweka sikio kifuani.

"Masikini Mzee! Gwa! gwa! gwa! Dawa ya mwezi mzima umeimwaga kwa neno moja la hasira."

"Nimeimwaga?"

"Yote. Sasa itabidi uende mara mbili."

 Kiboko akaitazama miguu yake, myembamba na mizuri. "Na hawa je?"

"Hawa wanalinda bwawa lisiibwe."

Kiboko akawatazama pundamilia mmoja mmoja.

"Lindeni sana," akasema, akageukia kilimani, puu! puu!

Mvua zilipokuja, hakuna mtoto aliyekufa kwa kiu, na bonde zima halikuwa na kiboko mzima kama yule.

Hapo nimetua mzigo wangu. Ukiwa mtamu, gawaneni. Ukiwa mchungu, niachieni mwenyewe. Na funzo mnalitaka?

"Tunalitaka!"

Mwenye bwawa asifanye mazoezi. Alale, alambe chumvi. Akitoka tu kutafuta uzima, watu watakunywa.