Ini la Kisasi

Hekaya hii nilisimuliwa kwanza na wifi yangu Mize, siku ile binti wa jirani alipomrushia mwanangu kifuu cha nazi kikampasua kipaji cha uso. Uani kwetu kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja, kwamba na huyo wa jirani apasuliwe. Mize peke yake hakushauri. Alikaa akichambua mchele, akaanza hivi.

Hapo zamani, wakati watu walipokuwa bado na adabu ya kumsalimu mtu kabla ya kumuua, palikuwa na mji uitwao Kiwambani, na sultani wake aliitwa Mwinyi Chande. Sultani huyo alipenda kisasi kama wengine wapendavyo halua. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alikaa barazani, washairi wakamwimbia habari za mashujaa waliolipiza damu ya baba zao na babu zao. Na shujaa alipofika pale pa kumkata adui na kuionja damu yake, Sultani alilia kwa furaha, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, akaagiza sahani nyingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwaga damu ya kitu kikubwa kuliko mbu. Upanga wake ulikuwa na mpini wa dhahabu, na kwa miaka ishirini hapana aliyejua kama ndani ya ala mlikuwa na chuma au kutu tupu.

Basi kwa mapenzi hayo akatunga sheria. Mtu akiuawa, ndugu yake mkubwa aliyebaki sharti alipize kabla ya siku arobaini kwisha, pale pale barazani mbele ya watu, na kabla ya kuua aionje damu ya adui yake kama mashairi yasemavyo. Asiyetaka, atauawa yeye. Watu waliisifu sana sheria hiyo, hasa wale ambao ndugu zao wote walikuwa wazima.

Alikuwa na sheria ya pili, ndogo, wala hapana mshairi aliyeiimba. Nyumba yake ilizungukwa na minazi, na desturi ya wakwezi tangu na tangu ilikuwa kwamba mkwezi akiwa juu hupiga ukelele, "Yaja!" mara tatu, kabla ya kuangua, ili aliye chini ajihadhari. Ukelele huo ulimwamsha Sultani katika usingizi wake wa mchana. Ikawa amri kwamba tangu adhuhuri hata alasiri wakwezi waangue kimya.

Katika mji huo aliishi maskini mmoja jina lake Faki, kazi yake kuokota makumbi na kuwauzia wasokota kamba. Hakuwa na shamba wala kanzu ya pili. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na mdogo wake, Mcha. Walikula sahani moja, na kila siku waligombania ukoko.

Siku moja mchana Mcha alikwenda kuokota makumbi chini ya minazi ya Sultani. Juu alikuwapo mkwezi Silima, jirani yao, baba wa watoto watano. Silima akaangua kimya, kama alivyoamriwa. Nazi ikamwangukia Mcha utosini, akafa pale pale. Na Sultani hakuamka.

Matanga yalipokwisha, Faki akaitwa barazani.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "pokea pole zetu. Pokea na habari njema, kwamba damu ya nduguyo ina mdai, nawe ndiwe."

"Bwana wangu, Silima hakumuua kwa kusudi. Aliangua nazi."

"Na mshairi gani ataimba habari za nazi? Kisasi chataka mtu! Ijumaa ya wiki ijayo ni siku ya thelathini na nane. Ama damu ya Silima, ama yako. Tena usinifanyie mambo ya haraka. Umkate kwanza, uionje, ndipo umuue. Nakuona kama una hamu naye."

"Nina hamu na Mcha, bwana wangu," akajibu Faki. Kisha akainamisha kichwa, akafikiri, akasema, "Nitafanya kama mashairi yasemavyo, sitapunguza neno. Ila nina haja moja. Sijaonja nyama tangu Idi. Damu juu ya tumbo tupu itanitapisha, na shujaa akitapika, shairi limeharibika. Niagizie ini la mbuzi lililochomwa, niionje damu juu yake."

Sultani akakubali upesi sana, kwa kuwa nyama yoyote iliyoliwa barazani kwake, kipande cha kwanza kilikuwa chake. Desturi hiyo iliitwa haki ya kiti, na katika haki zote za mji ule ndiyo pekee ambayo haikuchelewa hata siku moja.

Faki akatoka, akaenda nyumbani kwa Silima. Akamkuta amekaa kizingitini, kamba yake ya kukwelea imetundikwa ukutani, hajaigusa tangu siku ile.

"Umekuja kunipima shingo, jirani?" akauliza Silima.

"Nimekuja kuuliza kama una wembe."

"Bwana wee! Hata wembe wa kunikatia nikuazime mimi?"

"Mimi maskini, Silima. Ulitaka niazime kwa nani?"

Silima akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Faki, ningepiga ukelele. Wallahi ulikuwa hapa mdomoni, nikaumeza."

Faki akaitazama ile kamba ukutani. Kisha akasema, "Najua. Basi Ijumaa hiyo nikikuambia nikate, nikate. Nikikuambia kula, ule. Na mara moja katika maisha yako, usiniulize kwa nini."

Siku ikafika. Watu walijaa barazani kama harusini. Walikuja na mikeka, walikuja na karanga, wengine wakawapakata watoto wao mbele kabisa wapate kujifunza maadili. Vijana ambao hawajapata kuchinja hata kuku wakabishana ni mshipa gani utoao damu nzuri zaidi. Washairi wakasafisha koo. Karibu na kiti cha Sultani alikaa Waziri Ngwali, mzee aliyejua ada zote za nchi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa haulizwi hata moja.

Ini likaletwa kwenye sinia, linatoa moshi. Faki akasimama na wembe mkononi, Silima mbele yake.

"Bwana wangu," akasema Faki, "katika mashairi, adui hufungwa kamba?"

"Hasha! Adui hupigana!"

"Basi huyu naye anikate mara moja, watu wasije wakasema Sultani aliwaitia machinjio ya mbuzi."

"Maneno mazuri! Naye akate!" akasema Sultani, akapiga makofi.

Faki akamchanja Silima kifuani, chale moja, akampa wembe. "Nikate," akamwambia. Silima akamchanja naye. Faki akalichukua ini, akalipakaza damu ya Silima, akalipakaza na damu yake mwenyewe. Waziri Ngwali alipoona hayo akainuka.

"Bwana wangu, ini hilo..."

"Nyamaza, Waziri! Usinikatizie utamu!"

Waziri akakaa. Kunyamaza ndiyo elimu iliyokuwa imeenea kuliko zote katika mji ule.

Faki akalikata ini vipande vitatu. Cha kwanza akakipeleka kwa Sultani, akainama. "Haki ya kiti, bwana wangu." Naye Mwinyi Chande, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kurudisha sahani, tena leo sahani yenyewe imetoka ndani ya shairi, akakitia kinywani, akafumba macho, akatafuna.

"Ina chumvi," akasema. "Tamu!"

"Kula," Faki akamwambia Silima. Silima akala. Faki naye akala cha mwisho, akajifuta mdomo, kisha akaketi chini kando ya Silima, akamwekea mkono begani.

"Haya!" Sultani akapaza sauti. "Sasa muue!"

"Nimuue nani, bwana wangu? Huyu ni ndugu yangu."

Waziri Ngwali akakohoa kidogo. "Sasa nina ruhusa ya kusema?"

"Sema!"

"Hii ni ada ya kuchanjana, bwana wangu. Ini moja, damu ya wawili. Waliolila wamekuwa ndugu kama waliotoka tumbo moja, na mmoja hawezi kuimwaga damu ya mwenziwe. Faki na Silima ni ndugu. Na wewe ni ndugu yao."

"Mimi sikuchanjwa!"

"Babu yako naye hakuchanjwa, aliogopa wembe. Alikula tu. Na kwa ini lile watu wa ng'ambo ya mto wakamwita ndugu yao, wakampa mashamba unayoyala hata leo. Ukisema kwamba kula peke yake hakumfungi mtu, yafaa tuwarudishie mashamba yao kabla ya jua kuchwa."

Sultani akajishika tumbo. Akayafikiri mashamba. Akaona kwamba udugu si jambo baya sana.

"Vema," akasema, "tu ndugu. Lakini damu ya Mcha haitapotea bure! Sheria ni sheria! Lazima adaiwe mtu!"

"Umesema kweli," akajibu Faki, "na mimi namlilia Mcha kuliko wote walio hapa. Mcha sasa ni mdogo wetu sote, na mdai ni ndugu mkubwa, ndivyo ulivyoandika. Mimi nina miaka thelathini na mitano. Silima ana thelathini na mitatu. Na wewe, kaka?"

Hapana mtu aliyewahi kumsikia Sultani akiitwa kaka. Akageuka kumtazama Waziri.

"Sitini na mmoja," akasema Waziri, akijitahidi kusaidia.

"Basi mdai ni wewe, kaka. Amebaki mdaiwa. Nazi haina akili. Silima alikuwa na ukelele mdomoni akaumeza, kwa kuwa kuna mtu aliyemwamuru aumeze. Mtafute mtu huyo. Si kazi ngumu, nyumba yake waijua, ndimo ulimolala mchana ule. Umkate, uionje damu yake, ndipo umuue. Siku zimebaki mbili. Washairi wapo, na upanga upo, kama utakubali kutoka."

Sultani akaushika mpini wa dhahabu bila kujua kwamba ameushika. Hapakusikika kitu ila watu wakitafuna karanga. Kisha mmoja huko nyuma, aliyechelewa kufika na hakujua mambo yamefika wapi, akapiga kelele, "Aonje kwanza!"

"Faki," akasema Sultani kwa sauti ndogo. "Ndugu yangu. Je, mtu hawezi kusamehe?"

"Katika mashairi sijasikia."

"Washairi!" Sultani akaguta. "Ongezeni ubeti!"

Wakauongeza pale pale, nao ulikuwa mzuri, wenye vina vya kati na vya mwisho, na kwa mara ya kwanza barazani pale msamaha ukaitwa ushujaa. Sultani akalia kuliko alivyopata kulia. Wala hapana muuaji katika Kiwambani aliyesamehewa upesi na kwa moyo mweupe kama Mwinyi Chande alivyojisamehe nafsi yake.

"Wewe umesamehe, kaka," akasema Faki. "Sisi wadogo zako bado."

"Mwataka nini? Mashamba?"

"Sheria ya kisasi iondoke. Na ile ya usingizi iondoke nayo."

Mpiga mbiu akaitwa, akatangaza yote mawili. Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, kisha baraza zima, na Sultani akacheka nao, maana mmoja asiyecheka katikati ya wachekao huonekana upesi. Akawazawadia ndugu zake mbuzi mzima aliyebaki, pasipo ini.

Kesho yake adhuhuri, saa ile ile ya usingizi, Silima akatungua kamba yake ukutani, akapanda mnazi ule ule. Faki alikuwa chini na kapu lake la makumbi. Silima alipofika juu akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, "Yaja!" na tena, "Yaja!" na mara ya tatu. Faki akasogea kando, nazi ikaanguka chini mahali patupu. Akapatazama pale, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia siku zote za matanga. Naye Mwinyi Chande kitandani mwake aliamka, akajigeuza upande wa pili, akanyamaza.

Mize alimaliza hekaya na mchele kwa pamoja, akanipa ungo. Asubuhi yake nilimfunga mwanangu kitambaa safi, nikamshika mkono, nikapiga hodi kwa jirani, nikamwomba aniazime mbuzi ya kukunia nazi, kama nilivyozoea.