Punje Moja Iliyozidi

Hii nimeletewa asubuhi na mtu ambaye kwa kawaida hunitumia picha za maua na salamu za Ijumaa. Niliifungua bila hamu. Nilipofika mwisho chai yangu ilikuwa imeshapoa, na sasa naipitisha kwako. Isome taratibu, kisha mpe na mwingine.

Huko Rungwe, kwenye mji mdogo wa baridi na mvua, alikuwepo fundi simu aitwaye Ambokile. Chumba cha mbele cha duka lake alitengenezea simu. Chumba cha nyuma aliweka kompyuta kuukuu tatu alizoziunga kwa mikono yake, zikinguruma mchana kutwa kwa umeme wa bei nafuu unaotoka kwenye maporomoko ya mto. Kompyuta hizo zilikuwa zinachimba sarafu ya mtandaoni iitwayo Punje.

Usijilaumu kama hujawahi kuisikia. Mjini pale mfanyabiashara pekee aliyekubali kulipwa kwa Punje alikuwa kinyozi, naye alikuwa shemeji yake Ambokile.

Kwa wasioijua kazi hii, kuchimba huko hakuna sururu wala shimo. Kompyuta inapewa hesabu ngumu. Ikiipatia jibu, inaruhusiwa kuandika ukurasa mmoja mpya katika daftari la sarafu, na inajilipa punje hamsini kwa jasho lake. Kila mchimbaji ana nakala yake ya daftari, ili asiwepo mtu wa kulichezea peke yake.

Punje ilianzishwa na marafiki saba waliosoma pamoja chuo cha ufundi. Sita walishaondoka. Wengine walikimbilia sarafu kubwa zinazotajwa redioni, mmoja akafungua kiwanda cha matofali na kunenepa. Ambokile alibaki. Ndiye aliyeitunza programu ya Punje, akirekebisha panapoharibika na kuwajibu wachimbaji wenzake kumi waliotawanyika Babati, Songea, Kasulu na kwingineko. Hakuna aliyemlipa kwa utunzaji huo, na wala hakuomba.

Watu walimwita Bwana Punje, wakicheka. Lakini miezi ya baridi waliingia chumba cha nyuma kuota joto la zile mashine, na hapo hakuna aliyecheka. Akina mama wenye watoto wachanga ndio waliokipenda kile chumba kuliko wote, maana masika ya Rungwe nguo hazikauki. Walifunga kamba kutoka ukuta huu hadi ule, wakaanika nepi juu ya mitambo ya fedha ya kisasa.

Mkewe, Tusekile, alikuwa fundi cherehani anayeshonea barazani, mvua ikimrushia matone kwenye vitambaa vya wateja. Alikuwa amekitaka chumba kile miaka mitano. Mwaka huo alisema imetosha.

"Baba Ipyana, mimi si mkorofi," alimwambia. "Lakini masika haya yakiisha na hiyo Punje yako haijapata kazi ya maana, mashine uuze, cherehani iingie ndani."

Ambokile aliona mkewe ana haki. Akakubali, na moyo ukamuuma.

Wiki mbili baadaye, bahati ikabisha hodi. Ushirika wa wafugaji wa maziwa ulikuwa unatafuta sarafu ndogo ya kuwapa wanachama wake kwa kila lita wanayoleta, nao waitumie kuchukulia pumba na dawa za mifugo katika duka la ushirika. Karani wao wa zamani alikuwa na tabia ya kurekebisha kitabu kila alipotaka, kwa hiyo sasa walitaka daftari ambalo halina karani. Wakamwita Ambokile.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Sekela, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyepima maziwa kituoni kwa miaka ishirini na mbili. Ambokile alimkuta kazini, kipimo chake cha kioo mkononi, kile ambacho maziwa yakiwa na maji kinazama kupita alama.

Mama Sekela alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuchovya, alimtazama mfugaji usoni na kuuliza, "Una neno?"

Mzee mmoja alijikuna kichwa. "Lipo, mama. Bati linavuja, mvua imeingia ndooni."

"Ndaga, baba, asante kwa kusema. Rudi nayo nyumbani watoto wanywe. Kesho uje."

Aliyefuata alijibu haraka kwamba hana neno. Kipimo kilichovywa, kikazama. Mama Sekela hakugomba. Alimfuta kwenye orodha msimu mzima, akasogeza ndoo pembeni na kumgeukia Ambokile.

"Na wewe, mwanangu, kuhusu hiyo sarafu yako. Una neno?"

"Sina, mama," alisema Ambokile, na alisema kweli, kwa sababu siku hiyo hakuwa nalo.

Mkutano wa kuamua ulipangwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Ambokile akarudi nyumbani na kufanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akitarajia wageni, akasafisha. Alikaa mchana kutwa akiipitia programu ya Punje mstari kwa mstari, kuanzia ule wa kwanza kabisa. Alasiri ya Ijumaa, mvua ikipiga bati, aliona kitu kilichomfanya asimame.

Lilikuwa tundu. Mchimbaji alipoleta ukurasa mpya, programu iliuliza kama kazi imefanyika kweli. Ilisahau kuuliza amejilipa kiasi gani. Kwa miaka mitano, mchimbaji yeyote mjanja angeweza kujiandikia punje milioni badala ya hamsini, na daftari lingemkubalia.

Mstari ule aliuandika yeye. Aliikumbuka hata siku yenyewe, maana ndiyo siku washenga wake walikuwa wanamsubiri nje wakampose Tusekile, naye akamaliza kazi mbiombio akiwa na soksi moja.

Kuziba tundu kulimchukua dakika kumi. Lakini katika sarafu ya namna hii mtunzaji hawezi kuziba peke yake. Lazima awatangazie wachimbaji wote waweke toleo jipya, na lazima aseme toleo hilo lina nini. Ambokile aliandika: "Ndugu, toleo jipya liko tayari. Lina maboresho madogo."

Akaitazama ile sentensi. Ilikuwa safi. Wote wangeweka toleo jipya, tundu lingekufa, Jumatano ingefika, na hakuna ambaye angejua chochote mpaka dunia inaisha.

Tusekile aliingia kuanua nepi za jirani, akasoma begani kwake.

"Hayo madogo ni yapi?"

Akamweleza yote, hata habari ya soksi. Tusekile alikunja nepi moja, akakunja ya pili.

"Ukiwaambia, ushirika utakimbia?"

"Nadhani watakimbia."

"Na mimi nitapata chumba changu."

"Utapata."

Tusekile alikunja nepi ya tatu. Kisha akasema, "Hiyo sarafu yako imenichosha miaka mitano. Ila sijawahi kuionea aibu." Akachukua nepi zake akatoka.

Ambokile alifuta ile sentensi. Akaandika upya:

"Ndugu zangu, kuna tundu katika programu yetu. Nililiacha mimi Ambokile mwaka wa kwanza. Mchimbaji angeweza kujilipa zaidi ya hamsini na daftari lisimkatae. Toleo hili linaliziba. Sijamaliza kukagua kurasa za nyuma kama kuna aliyelitumia, mashine zangu zitahitaji siku kadhaa, lakini sikuona vema mkae gizani wakati nakagua. Nisameheni."

Aliutuma ujumbe huo kwenye kundi la wachimbaji. Kabla hajapoteza ujasiri, akautuma pia kwenye simu ya Mama Sekela.

Kundi lilichafuka. Wa Babati aliandika, "Miaka mitano tumelala mlango wazi, na mlinzi ni wewe." Wa Kasulu alizima mashine zake bila kuaga. Hadi Jumapili wachimbaji sita kati ya kumi walikuwa wameondoka. Wa Songea peke yake aliandika, "Nimeshaweka toleo jipya. Tuendelee." Ambokile aliisoma mara tatu, ikampa nguvu kidogo.

Jibu la Mama Sekela lilikuja Jumatatu: "Nimesoma. Mkutano wa Jumatano tumeuahirisha. Tutakujulisha."

Kila aliyewahi kuomba kazi anajua maana ya tutakujulisha. Ambokile alimwonyesha mkewe simu, kisha akatafuta bisibisi. Ahadi ni ahadi, na masika yalikuwa ukingoni. Ijumaa asubuhi aliingia chumba cha nyuma kufungua mashine ya kwanza, machozi yakiwa karibu, na hakuona sababu ya kuyaficha.

"Hebu subiri," alisema Tusekile. "Nguo za mtoto wa Mama Lugano bado mbichi. Zikikauka ndipo uzime."

Basi fundi akakaa kwenye kigoda na bisibisi yake, akisubiri nepi zikauke.

Nepi zikiwa zimekauka nusu, mlango wa mbele ukabishwa. Alikuwa Mama Sekela, mwavuli mkononi, viatu vimejaa tope. Alikaribishwa, akasogea moja kwa moja kwenye joto, akanyoosha viganja vyake.

"Kumbe bado zinafanya kazi," alisema. "Ule ukaguzi wako wa kurasa za nyuma umefika wapi?"

"Bado kurasa za miezi miwili ya mwisho, mama. Mpaka sasa sijaona wizi."

"Fungua ya tarehe nane ya mwezi uliopita. Mchimbaji anayejiita Kibuyu."

Ambokile alifungua. Akaangalia malipo ya ukurasa ule, akaangalia tena kwa karibu. Hayakuwa hamsini. Yalikuwa hamsini na moja.

"Hiyo punje moja iliyozidi ni yangu," alisema Mama Sekela. "Nina mkwe anayefundisha kompyuta Mbeya. Kabla hatujakuita nilimwambia aikague sarafu yako, akaniambia ina tundu. Nikamwambia jaribu kwa punje moja tu, tuone. Ikapita."

Ambokile alihesabu siku kichwani. "Kwa hiyo siku ile kituoni uliponiuliza kama nina neno..."

"Nilikuwa nimeshachovya kipimo."

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni.

"Lakini mama, mimi kweli sikuwa najua," alisema Ambokile.

"Nilikuona usoni kwamba hujui. Ndiyo maana sikukufuta. Nikasema nisubiri, nione atafanya nini siku atakayojua."

"Na kama nisingeliona kabisa?"

"Jumatano ningekwambia, tungeagana kwa heri. Asiyepitia kazi yake mwenyewe hatufai." Aligeuza viganja upande wa pili. "Na kama ungeliziba kimyakimya, tungeona toleo jipya na maneno yake matamu, tukajua. Huyo hatufai zaidi. Karani wetu wa zamani alikuwa bingwa wa maboresho madogo."

Ambokile alitazama chini. Alikumbuka jinsi vidole vyake vilivyoyaandika maneno hayohayo, na kwamba yalikuwa yamebaki hatua moja tu kutumwa.

"Mbona basi mliahirisha?" aliuliza Tusekile, akitoa sindano.

"Tuna vituo sita, mwanangu. Nilitaka ule ujumbe usomwe kwa sauti katika kila kituo, wafugaji wausikie na maziwa yao mkononi, ndipo wapige kura. Jana tumemaliza cha mwisho. Wamekubali. Yule wa bati linalovuja ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza."

Ambokile alishika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama wanavyoshukuru watu wa kwao.

Mama Sekela alikuwa bado anatazama huku na huku, nepi, kamba, mvuke unaopanda. "Kila kituo kitahitaji mashine yake ya kuchimba, si ndiyo? Ili daftari likae mahali pengi. Na joto hili, linaweza kupasha maji ya kuoshea madumu ya maziwa?"

"Linaweza, mama."

"Basi hizi tatu zianze kwenda vituoni. Hapa kwako unazibana bure."

Kwa hiyo ahadi ikatimia bila mtu kushindwa. Mashine zilitoka, cherehani ikaingia, na Punje ikaanza kupitia mikononi mwa wafugaji wa vituo sita. Wa Babati alirudi miezi miwili baadaye, akaomba radhi kwa kutuma picha ya mashine yake ikiwa inawaka. Wa Songea hakuwa ameondoka. Punje haijatajwa redioni mpaka leo, lakini ukienda kituo chochote asubuhi utakuta maji ya moto, madumu safi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anayeomba kamba ya kuanikia.

Na kila toleo jipya linapotoka, Ambokile huandika kwanza alichokosea, kisha alichorekebisha. Wafugaji wanasema hawaelewi nusu yake. Wanapenda tu kusomewa.

Funzo: Kazi yako itakuwa na tundu mahali fulani, kwa sababu wewe ni binadamu. Watu hawatakuamini kwa kuwa hukukosea. Watakuamini kwa kuwa kosa lako walilisikia kwako kwanza, nawe hukujua kwamba walikuwa wameshapima.