King'ora cha Mama Mbonea

Nina fundo hapa, mwenye kucha alifungue.

Mama Mbonea, mjane wa Upareni, aliishi peke yake bondeni, kando ya mto, karibu na kaburi la mumewe. Watoto wake watatu walikuwa mbali, na kila mmoja alitamani mama aje akae kwake. Mama hakutaka kuliacha kaburi. Nao, tangu msiba wa baba, hawakuwahi kukubaliana lolote, hata rangi ya kupaka kaburi, hivyo kila mmoja alimlinda mama kivyake.

Mbonea, kifungua mimba, aliishi mlimani. Aliweka kipima mvua, ili mvua kubwa ikinyesha huko, king'ora kilie bondeni kwa mama. Lakini mara nyingi ardhi kavu iliyanywa maji yote, na mama akakimbia bure.

Nakundwa, wa kati, aliishi kwenye daraja la mto huohuo, juu ya bonde. Alisimika kifaa cha kupima kina, ili mto ukipanda, king'ora kilekile kilie. Lakini kila wakulima walipofungulia ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba, mto ulipanda, na mama akakimbia bure tena. Mwishowe akawa akikisikia anaendelea kuchambua mboga.

Senzota, kitinda mimba, alikuwa fundi mitambo mjini. Hakuwa na mvua wala mto wa kupima, basi akaviunganisha vifaa vya nduguze: king'ora kisilie mpaka mlima na mto viseme jambo moja. Akampigia mama simu.

"Mama, kuanzia leo kikilia, ujue kaka na dada wamekubaliana."

Mama akacheka. "Hao? Basi nitakufa sijakisikia."

Kikakaa kimya hadi akakisahau. Kisha mchana mmoja, wakati wa masika, kikalia. Mama aliacha mboga zake, akapanda kilimani. Mto ukaja nyuma yake, ukachukua nyumba, ukachukua na kaburi.

Watoto wakafika mbio.

"Mvua niliiona mimi," alisema Mbonea. "Mama atakaa kwangu."

"Na mto je, kaka?" alisema Nakundwa. "Kitanda chake nimekitandika tangu mwaka juzi."

"Vyenu vililia sana," alisema Senzota, "na mama hakutoka. Alitoka kwa changu."

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, akipatazama palipokuwa kwake.

"Wanangu, sikukimbia mvua wala mto," alisema. "Nilisikia mmekubaliana. Nimeitamani sauti hiyo tangu tumzike baba yenu. Nilitoka ili niisikie vizuri."

Kisha Mbonea akasema gari lake ndilo lililo karibu, na mabishano yakaanza upya.

Mama bado yuko juu ya lile jiwe, mikono mitupu. Haya, wewe uliyenisikiliza: ungemwambia amfuate nani?