Kitasa Pekee Kisiwani

Wapendwa, leo tunatoka hapa kidogo, tunakwenda mbali, Bahari ya Pasifiki, ambako mimi sijafika na ninyi hamjafika, kwa hiyo hakuna wa kunikosoa. Ni mfano tu. Nimeutunga wiki hii nikiwa nimesimama juani, nasubiri kufunguliwa geti la mmoja wenu. Simtaji.

Kulikuwa na nahodha mmoja mashuhuri wa Ulaya, aliyeizunguka bahari ile safari baada ya safari, akivichora visiwa vyake kwenye ramani. Katika safari moja akapendana kindugu na mtu wa kisiwa kidogo, akaondoka naye. Huko Ulaya yule mtu akavishwa koti la vifungo vya shaba, akakalishwa meza moja na wakubwa, akala akashiba. Miaka ikapita. Nahodha alipong'oa nanga tena akamrudisha kwao, pamoja na zawadi za kujaza nusu ya meli: masufuria, mashoka, mablanketi, na kioo kirefu cha kujitazama mwili mzima.

Sasa sikilizeni nyumba za kisiwa kile zilivyokuwa. Nguzo na paa la makuti, basi. Kuta hakuna. Ukipita unamwona jirani anakula, naye anakuona, na kabla hujameza mate ameshakuita. Dada yake mtu huyu alikuwa amemtunzia mkeka wake miaka yote, pale pale alipokuwa akilala.

Nahodha akaitazama nyumba ya dada, akatikisa kichwa.

"Vitu vyote hivi utaviweka humu? Hapa kwenu hakuna wezi?"

"Sijawahi kuibiwa, kapteni," yule mtu akajibu. "Lakini sijawahi kuwa na kitu."

"Sasa unacho."

Neno hilo likamwingia. Mafundi wa meli wakamjengea nyumba ya mbao, yenye vidirisha ambavyo mjusi tu ndiye angepita, na mlango mnene wenye kitasa cha chuma. Nahodha akamkabidhi ufunguo, wakakumbatiana, wakalia wote wawili, maana walipendana kweli. Meli ikaondoka.

Mtu wetu alifurahi, na mimi simlaumu. Kila asubuhi alifuta masufuria yake yakang'aa, akajitazama kwenye kioo, akaona mambo ni mazuri. Ufunguo aliuvaa shingoni. Shida ilikuwa karamu. Ngoma ikianza kukolea, yeye anainuka, eti nyumba ameiacha peke yake. Na dada akimletea tunda la shelisheli la kuchoma, chakula chao cha kila siku, alifungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akapokea, akafunga.

"Kaka," dada akamwuliza siku moja kupitia ufa wa mlango, "huko ndani unakula na nani?"

"Nakula kwa usalama," akajibu.

Jamani, hilo ni jibu la swali lipi?

Lakini chuma na upepo wa chumvi havipatani. Asubuhi moja aliamka, akatia ufunguo, ukazunguka nusu, ukakatikia ndani. Akasukuma kwa bega. Wapi! Mafundi wa nahodha hawakuwa wababaishaji. Akaita. Watu walichelewa kuja, wala hawakuwa na ubaya. Walikuwa wameshazoea kwamba nyumba ile haiwahitaji. Hatimaye dada akasikia, akaja na shelisheli la moto limefungwa kwenye jani, na kijiji kizima nyuma yake.

"Vunjeni mlango," yule mtu akasema kutoka ndani.

"Tuuvunje na nini, kaka? Mashoka ya kisiwa hiki yote unayo wewe."

Dada akauliza taratibu, "Si una shoka hapo hapo ulipo?"

"Ninalo. Nimelishika tangu asubuhi."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikiuvunja, hautafungika tena."

Mnamwona mtu huyo? Njaa inamuuma, shoka liko mkononi, na bado anauonea mlango huruma. Jua likapanda, likaanza kushuka. Watu wakakaa chini mchangani, hakuna aliyeondoka. Akaweka jicho kwenye ufa. Kisiwa kizima kilikuwa pale nje, kila mtu ambaye yeye aliwahi kumwogopa kwamba atamwibia, na wote walikuwa wamekaa wakimngoja yeye. Wengine walikuwa wanakula. Dada yake hakuwa amegusa kitu. Jani lilikuwa magotini mwake, bado limefungwa.

Akalia. Kisha akainua shoka.

Mlango ule haukurudishwa mahali pake. Waliulaza juu ya mawe, wakapakulia chakula juu yake, ukawa meza ya karamu ya kisiwa kizima. Masufuria yaliazimwa, yakarudi, na hayakurudi matupu. Kioo, nisiwadanganye, kilivunjika, maana kila mtu alitaka kujitazama kwanza. Na mtu wetu alinenepa.

Sasa twende kwetu sisi. Mageti yenu sina ugomvi nayo, fungeni, na mbwa wafugeni. Nasema ile nyumba nyingine, ya humu kifuani. Tulikosewa mara moja, tukatia kitasa. Tukapata vijisenti kidogo, tukatia kitasa kingine. Halafu Jumapili tunapiga magoti hapa: "Bwana, nifungulie, niko peke yangu." Ndugu yangu, unaomba ufunguliwe, na shoka umelishika tangu asubuhi? Lile neno la msamaha unalijua. Mtu wa kumwambia unamjua, na namba yake ya simu unayo. Nguvu hukukosa. Unaogopa kwamba ukiuvunja, hautafungika tena.

Ni kweli, hautafungika. Siwezi kukudanganya ukiwa kanisani. Na kioo pengine kitavunjika.

Lakini leo ukifika nyumbani, chungulia kwenye ufa. Kuna mtu amekaa mchangani, hajala, amekufungia fungu lako kwenye jani, na linapoa.