Kiboko Awekwa Ndani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na ndimi za kusengenyana, Bi Pimbi alikuwa na nyumba ya wageni kule Majabalini. Mwenyewe kadogo, lakini maringo hayo! Kijiji kizima kilikula kwa watalii waliokuja kutazama maporomoko ya maji.

Mara ukazuka ugonjwa wa kifua. Kho! Kho! Bonde zima. Mganga Twiga akatoa amri: "Kila mgeni awekwe ndani mpaka kifua kikauke."

Siku hiyohiyo, tihi! tihi! Bwana Kiboko huyo, tajiri wa mtoni, pua juu. "Hodi! Nataka kuona maporomoko. Kho!"

Bi Pimbi akasimama mlangoni. Ndani alikuwa na mama yake mzee, kifua kibovu. Akimkaribisha Kiboko, anamzika mama. Akimfukuza, maneno yatafika mtoni, asije mgeni tena, kijiji kilale njaa.

"Karibu, bwana mkubwa, ila simama hapohapo! Sharti uwekwe ndani."

"Ati niwekwe ndani? Nimeiba kuku wa nani?" Kiboko akafoka, majani yakapukutika.

Bi Pimbi akacheka kwi! kwi! kwi! "Lo! Na mwari anapowekwa ndani kabla ya harusi yake, huwa kaiba kuku wa nani?"

Kiboko akashusha pua kidogo.

"Kwetu hawekwi ndani kila mpita njia, anawekwa wa thamani. Chumba cha uani peke yake, beseni la liwa ya kunukia ajisinge mwenyewe ngozi ing'ae, pilau ipitie dirishani. Wala haonwi na mtu, asipatwe na kijicho. Kama hujioni una hadhi hiyo, njia ile pale."

"Nani kasema sina hadhi? Lakini mimi dume!"

"Ndiyo maana madume wenzako watakufa kwa wivu."

Puu! Kiboko akajifungia mlango mwenyewe. Kohoa, kula, singa. Kohoa, kula, singa. Sifa zikafika mtoni, Nyati na Kifaru nao wakaja wakisukumana: "Niweke ndani mimi kwanza!" Kila mmoja na chumba chake.

Kifua cha Kiboko kilipokauka, Twiga akamwambia, "Karantini yako imekwisha."

"Karan... nini?" Kiboko akamgeukia Bi Pimbi. "Kumbe nilifungiwa ugonjwa, wewe kadudu?"

"Ndiyo, mwari wangu," akajibu Bi Pimbi, kidevu juu, na mama yake mzima wa afya akichungulia nyuma yake. "Na Majabalini hatujazika hata mmoja!"

Kiboko akajitazama ubavu unavyometameta. "Sasa mnangoja nini? Pigeni vigelegele, mwari natoka!"

Wakamtoa kwa vigelegele mpaka maporomokoni, na funzo lenu, wajukuu, ni hili: mheshimu mgeni, lakini usimuuzie afya ya nyumba yako.