Mafiga ya Bi Kanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisalimiana asubuhi hata kama wangelana mchana, homa kali iliingia porini. Sikilizeni vizuri, maana ilikuwa homa ya aina yake: ukikohoa mara moja tu, kwoh, jirani anafunga dirisha. Soko likafungwa, mama lishe wakazima majiko. Nyumba yenye mgonjwa ilikimbiwa hata mgonjwa akishapona, kwa hiyo wenye adabu wakaweka mwiko: jina la mgonjwa halitajwi mbele ya wageni.

Nguchiro hakuzima jiko, kwa sababu hakuwa nalo. Yeye aliuza majani ya mchaichai ya kujifukiza, na miezi yote ya homa wateja walipanga foleni mbele ya kichuguu chake. Homa ilipokwisha, foleni nayo ikaisha, majani yakamkaukia. Angemlilia nani? Huwezi kusimama mbele za watu ukasema, "Nisaidieni, mmepona."

Ndipo Serikali ya Porini ikatangaza ruzuku. Kila mama lishe ambaye homa ilimzimia jiko angepewa gunia la mtama aanze upya. Wakaguzi walikuwa wawili, Bwana Nyati na Bwana Kifaru, na walitaka kuona kitu kimoja tu: mafiga matatu yenye masizi. Nyati angeyasugua kwa kwato. Masizi yakifutika, hakuna gunia.

Nguchiro akaokota mawe matatu, akayapaka mkaa, akayasugua kujaribu. Kwaru, kwaru. Mawe yakabaki meupe kama mayai. Masizi ya jana si masizi.

Jumapili akavuka njia kwenda kwa Bi Kanga, mjane aliyekuwa akipika uji ambao Nguchiro mwenyewe aliunywa kila asubuhi kabla ya homa.

"Dada, niazime mafiga," alisema. "Mama mkwe kalala kitandani, nataka kumchemshia nyungu."

Bi Kanga hakuuliza neno la pili. Moto wa mgonjwa haunyimwi. Alimsaidia hata kuyabeba, akamwelekeza kuwa lile lenye pengo likae upande wa upepo, sufuria isiyumbe. Akaomba jambo moja tu, ayapate Jumanne alfajiri, kwani wakaguzi wangefika kwake siku hiyo.

Nguchiro alikuwa ameshapanga. Upande wake wa njia ungekaguliwa Jumatatu, wa Bi Kanga Jumanne. Jumatatu jioni mafiga yangekuwa yamerudi, na hakuna ambaye angedanganywa isipokuwa wakubwa, na wakubwa hawaumii. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijiambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakujiamini.

Jumatatu Nyati alisugua figa la kwanza, kwaru, kwaru, kwaru. Masizi hayakutoka. Kifaru, ambaye haoni mbali, akainamisha pua. Fuuu.

"Ulikuwa ukipika nini hapa?"

"Uji wa mtama, bwana mkubwa. Wenye ukwaju."

Kifaru akafumba macho. "Nausikia," akasema, na mate yakamdondoka.

Gunia likatua chini, puu! Nguchiro alikuwa karibu kucheka. Lakini Kifaru alilalamika kuwa kesho jua litakuwa kali, afadhali wamalize na upande wa pili leo leo. Akamgeukia Nguchiro.

"Nawe twende. Jirani ndiye shahidi."

Walimkuta Bi Kanga akifagia uwanja. Alikuwa ameosha sufuria na kupanga vikombe ukutani. Katikati ya uwanja palikuwa na majivu ya zamani, na mashimo matatu pale mawe yalipokaa.

"Mafiga yako wapi?" Nyati aliuliza.

"Nimeyaazimisha kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Bi Kanga akainamia ufagio wake. Hakumtazama Nguchiro hata kwa bahati mbaya, asije akamfichulia nyumba yake. "Mgonjwa hatajwi, bwana," alisema. "Niandikieni kuwa sina."

Nyati akakuna pembe yake mtini. "Wewe jirani, huyu alikuwa akipika kweli?"

Ulimi wa Nguchiro uliusikia ule ukwaju wa uji wa Bi Kanga. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingezaa swali, na swali lingewarudisha kwenye kichuguu chake.

"Sijui," alisema. "Mimi si mtu wa kutembelea majumba ya watu."

Wakaguzi wakaondoka. Bi Kanga akaendelea kufagia, pale pale palipokwisha fagiwa.

Jioni Nguchiro alirudisha mafiga, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Alipotua la mwisho, lile lenye pengo, Bi Kanga alimpa ndimu mbili.

"Mkamulie mama mkwe. Anaendeleaje?"

Nguchiro alizitazama ndimu. Masikio yalimwaka moto.

"Hakuugua, dada," alisema. "Hakuugua kabisa."

Bi Kanga alielewa taratibu. Aliyatazama mafiga, kisha akaangalia ng'ambo ya njia, lilipokuwa gunia.

"Basi ashukuriwe Mungu," alisema, "kwamba hakuugua."

Laiti angempiga kwa ufagio! Nguchiro alisubiri atukanwe, asitukanwe.

Asubuhi alilivuta gunia lile katikati ya soko, mbele za watu, hadi kwa wakaguzi, akasema yote, pamoja na lile la "sijui". Hakuacha hata neno. Nyati alilibeba gunia mwenyewe hadi kwa Bi Kanga, kichwa chini, maana sasa naye alijua ni mafiga ya nani aliyokuwa ameyasugua.

Uji ukarudi. Nguchiro naye hujaziwa kikombe, bila neno, na hukinywa haraka akiwa amesimama. Hadi leo, kanga akilia tu, yeye huingia kichuguuni, chupu.

Ukitaka kumcheka mkubwa, kwanza tazama umesimama juu ya mgongo wa nani.