Veshti Mikononi mwa Pechi

Hapo zamani, lakini si zamani sana hivyo, katika kijiji kimoja cha Watamil, heshima ya mwanamume ilionekana kwenye shuka yake. Wenyewe huiita veshti: shuka nyeupe isiyoshonwa, hufungwa kiunoni ikafika vifundo vya miguu. Ukiwa kazini unaikunja juu ya magoti na kuichomeka kiunoni. Ukikutana na mkubwa unaishusha upesi, maana kumsalimu mkubwa magoti nje ni kumtukana.

Basi palikuwa na mzee Sadayan na wanawe wawili, Veeran na Karuppan. Veeran alikuwa na mke, Pechi, ila mtoto hawakujaliwa. Wote walilima mashamba ya Nallatambi, tajiri mwenye roho mbaya. Msimu uliotangulia, jirani yao alichelewa kushusha veshti mbele yake. Nallatambi akaamuru achapwe hadharani, kisha akamfukuza shambani yeye na watoto wake.

Ukaja ukame. Veeran akashuka kisimani kuchimba zaidi. Juu, Karuppan ameshika kamba, Sadayan anazoa udongo, Pechi anasubiri na ndoo. Veeran akaita, "Nivute, ndugu yangu!" Karuppan akavuta, akavuta. Kichwa kilikuwa kinakaribia ukingoni Nallatambi alipotokea njiani.

Sadayan akaona magoti ya mwanawe, akapiga kelele, "Karuppan, shusha nguo! Shusha, utatuponza!"

Karuppan akaachia mkono mmoja. Veshti ikashuka, na kamba ikamponyoka.

Chini palikuwa na jabali tupu. Hapo sisemi zaidi, naumia.

Maiti ikaoshwa. Kwa desturi yao, anayewasha moto wa kuchomea maiti ni mtoto wa kiume, naye hufungwa veshti mpya. Asipokuwapo mtoto, ni ndugu au baba. Pechi akaikumbatia nguo ile, akakataa kuitoa. "Haivai aliyemuua mume wangu."

Karuppan akalia, "Shemeji, nipe mimi. Mkono ni wangu, lakini tangu utoto nimefundishwa baba akisema, natii."

Sadayan naye akamwambia Pechi, "Nipe mimi, mwanangu. Mdomo ni wangu, lakini nilikuwa naokoa nyumba nzima. Nilimwambia ashushe nguo, sikumwambia aachie kamba."

Mara Nallatambi akaingia uani kutoa pole. Akasema, "Mbona mnanitazama? Mimi nilikuwa napita tu. Sikutamka hata neno."

Na mnajua wanaume wa uani walifanya nini? Wote waliokuwa wamekunja veshti wakazishusha. Walaaniwe! Lakini ningekuwapo, pengine ningeshusha na mimi.

Pechi akawatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kamba ilipomponyoka Karuppan, ilipita karibu yangu. Ningenyoosha mkono tu ningeidaka. Lakini nilikuwa nimeinama, namsalimu bwana mkubwa."

Kuni zimepangwa, jua linazama, maiti haingoji. Msiniambie wote wana makosa. Hilo nalijua, na jibu hilo haliwashi moto. Haya, ninyi mnaonisikiliza, mngekuwa Pechi: je, nani alistahili kufungwa veshti ile?